Karakana ya Mwanjelwa iliyogundua kilichowashinda wengine
Corolla yangu ya mwaka 1992 ilikuwa imezoea kugoma asubuhi za baridi ya Juni, na kila nilipopanda mlima kuelekea Chunya ilimisi, yaani injini ilikatakata, na kukosa nguvu kana kwamba imebeba magunia ya viazi. Fundi wa kwanza aliniuzia pampu mpya ya mafuta, lakini tatizo likabaki palepale.

Katika karakana ndogo niliyoelekezwa huko Mwanjelwa, jijini Mbeya, fundi alianza kwa kuchomoa plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini, akanionyesha ncha zilizolika hadi nafasi kati yake ikapita kipimo, kisha akafungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, ambamo sehemu za kupitishia umeme zilikuwa zimefunikwa na unga mweupe wa kutu. Giza lilipoingia aliwasha injini, nami nikaona kwa macho yangu cheche zikivuja kwenye waya uliopasuka. Plagi za kawaida hubadilishwa baada ya kilomita 30,000 hivi. Zangu, nakiri, sikuwahi kuzigusa tangu ninunue gari.

Kazi ilimalizika kesho yake, na vifaa vya zamani nilikabidhiwa mkononi. Kasoro ni kwamba risiti hutolewa kwa kuombwa tu, na wateja husubiri kwenye benchi lisilo na paa.