Vyuma Vitatu Vifupi: Zana za Kubadilishia Tairi la Pikipiki Nyumbani, Tabora

Mizinga yangu ya nyuki iko upande wa Ipole, wilayani Sikonge, nami huifuata kwa pikipiki kutoka Isevya, hapa Tabora mjini. Lami haina shida. Pancha huanza pale ninapoiacha na kuingia njia za porini, ambako visiki vikavu na miiba hungoja tairi na fundi wa karibu yuko mbali kuliko maji ya kunywa niliyobeba yanavyoweza kunifikisha. Niliamua kujifunza kazi hii nyumbani, uani, ili siku nitakapokwama porini mikono iwe imeshaizoea. Katika kujifunza nimetumia aina tatu za vyuma vya kubandulia tairi, na tofauti niliyoiona kati yao ni kubwa kiasi kwamba naona ni vyema mwenye kutaka kununua aisome kabla ya kutoa fedha yake. Pikipiki yangu ina rimu za spoku na matairi ya tyubu, 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, ukubwa ambao bodaboda nyingi za hapa hutumia.

Aina ya kwanza niliinunua katika duka moja la vipuri: vyuma viwili vyembamba, urefu wa kama sentimita 20, vinang'aa kama vijiko vipya. Kimoja kilipinda kwenye tairi la nyuma siku hiyohiyo. Hilo ningeweza kulivumilia, lakini ncha zake zilikuwa kali kama patasi, na nilipomaliza kuvalisha tairi na kuanza kujaza upepo nikasikia mluzi mwembamba ndani. Nilibandua upya na kukuta tyubu mpya ina vipasuo viwili vilivyotazamana, mahali ambapo chuma kiliibana dhidi ya rimu. Tangu siku hiyo sinunui chuma bila kupitisha soksi kuukuu juu ya ncha yake, kwa sababu ncha inayonasa uzi itanasa tyubu pia.

Aina ya pili ilitengenezwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, nayo ina urefu unaokaribia nusu mita. Chuma chake ni kizuri mno, hakipindi kabisa, na kwa tairi kuukuu lililogandamana na rimu sijaona kinachokishinda. Tatizo lake ni nguvu yenyewe: ukiwa na wenzo mrefu namna hiyo mkono hausikii tena tairi linapokataa, nawe unaendelea kukandamiza mpaka ukingo wa rimu unabonyea, kama ulivyobonyea wangu. Atakayechagua aina hii aombe vikatwe viwe vifupi, ncha zake zilainishwe kwa tupa na msasa, na kama mhunzi atatumia mashine ya kusagia vyuma, asiache chuma kipate moto hadi kigeuke rangi ya buluu, kwa maana hapo ugumu wake huwa umepotea.

Aina ya tatu ndiyo ninayoitumia sasa: vyuma vitatu vya kufuliwa, sentimita 28 kila kimoja, vinene katikati, vyenye ncha pana iliyoviringwa kama mgongo wa kijiko. Navisifu bila kusita. Vitatu, wala si viwili, kwa kuwa viwili hushikilia sehemu iliyokwisha kutoka huku cha tatu kikisogea mbele kidogo kidogo, na ufupi wake hukulazimisha kufuata njia sahihi badala ya kutegemea misuli. Njia yenyewe ni hii: katikati ya rimu kuna bonde, na ukingo wa tairi wenye waya ndani hautanuki, kwa hiyo ni lazima upande ulio mkabala na chuma chako usukumwe ndani ya bonde hilo kwa goti, ndipo upande wako upate nafasi ya kuruka ukingo wa rimu. Tairi likikataa, usiongeze nguvu. Angalia ng'ambo ya pili. Karibu kila mara utakuta ukingo umetoka bondeni na kurudi juu. Wakati wa kuvalisha, anzia mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, baada ya kuisukuma ndani kidogo ili tyubu isibanwe.

Kuhusu spana sina mengi ya kusema. Pima nati za ekseli za pikipiki yako, kisha ununue spana ya ringi ya saizi hiyo hasa, yenye mpini mrefu, kwa sababu spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, huteleza na kuila nati pembe zake. Kwenye rimu za alumini huweka vipande vya dumu la mafuta ya kula, nilivyovikata kwa mkasi na kuvikunja, viwe kinga kati ya chuma na rimu; havigharimu chochote na vinafanya kazi vizuri sana. Maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi ni ya lazima, si anasa.

Pampu ya mguu yenye geji ndiyo iliyonipa taabu kuipata, maana nyingi nilizojaribu madukani geji zake zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe kwenye tairi lilelile. Kijitabu cha pikipiki yangu kinataka upepo wa psi 25 (kipimo cha shinikizo kinachosomwa kwenye geji) mbele, na nyuma 28 nikiwa peke yangu au 32 nikipakia, nami hupakia ndoo za asali. Mwishowe nilikwenda na pampu tatu kwa fundi pancha mwenye geji ninayoiamini, tukapima zote kwa tairi moja, nikanunua ile iliyokubaliana na yake.