Lenzi ya wadudu na maua hapa Kisumu: anza na ya bei nafuu

Mtu akiniuliza anunue lenzi gani ya kupiga wadudu, mimi namuuliza kwanza, ile lenzi yako ya zumu ya 55-250mm bado unayo? Kama unayo basi namba moja ni Raynox DCR-250, kale kakioo ka kubana mbele ya lenzi. Ina dayopta 8 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kioo), yaani unakaa kama sentimita 12 hivi kutoka kwa mdudu, na ukivuta zumu mpaka mwisho anatokea kwa sensa, kale kasahani ka kamera kanakonasa picha, mara mbili ya saizi yake, vunjajungu unapata kichwa tu, mwili mzima sahau. Kwa vipepeo hiyo ni kali sana, afadhali ndugu yake DCR-150 ambayo ni mpole kidogo. Zote zinaingia mfukoni, ukimaliza unabandua unaendelea na mambo yako.

Namba mbili ni mirija ya kurefusha. Hiyo haina kioo ndani, kazi yake ni kusogeza lenzi mbali na kamera ndio iweze kufokasi karibu zaidi. Lenzi ya 50mm ukiipa mirija ya jumla ya 50mm unafika saizi halisi ya mdudu, lakini mwanga unapungua na vitu vya mbali huvioni tena. Sasa hapa sikiza: hakikisha ina pini za umeme za kuunganisha lenzi na kamera. Mimi nilikimbilia ya bei ya chini kwa duka moja mjini, haikuwa na pini, apacha, yaani tundu la lenzi la kupitisha mwanga, ikakwama wazi kabisa na kila picha nikapata jicho la nzi limetoka safi halafu nzi mwenyewe ni ukungu. Nikarudi dukani, wapi.

Namba tatu, na najua mtanirushia mawe, ni makro yenyewe, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya 90 au 100mm. Kwa ubora inashinda zote, sibishi, ni bei tu. Ukiwa na pesa usichukue ya 60, itakulazimisha kumsongea mdudu sana na kerengende wa kule Dunga kando ya ziwa hawana huo muda.

Mkiani ni lenzi za kubana kwa simu. Ua la kishona nguo sawa, nyuki ataruka kabla hujafika.

Maua wala usinunulie kitu, lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera, ikiwa kwa 55, inatosha kabisa lantana na ile tithonia ya manjano iliyojaa kwa fensi za watu huku kwetu.

Chenji ikibaki tafuta flashi ndogo, uifunike na kipande cha mtungi mweupe wa maziwa ili mwanga usichome. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado umewashika wadudu, maana mchana upepo wa ziwa ukianza kila jani linacheza.

Sami, wale vijidudu wa ziwani, wa kwa taa ya mlangoni usiku nao wako, hao hata hawakimbii.