BET ya Johnson na BET ya Viacom
Robert Johnson alipoanzisha BET, kituo cha televisheni cha Marekani kwa watazamaji Weusi, mwaka 1980, sehemu ya mtaji ilitoka kwa John Malone, bosi wa kampuni ya televisheni ya kebo. Kwa hiyo pesa za wakubwa zilikuwemo tangu mwanzo, na baadaye video za rap zikajaza ratiba kwa kuwa kampuni za muziki zilizitoa bure. Lakini Jumamosi kulikuwa na Teen Summit: vijana wenyewe studioni, wakijadili UKIMWI na bunduki za mtaani.

Mwaka 2001 kituo kikawa mali ya Viacom, kampuni kubwa ya vyombo vya habari, kwa takriban dola bilioni 3. Mwishoni mwa 2002 kikatangaza kufuta Teen Summit pamoja na vipindi vya mazungumzo na habari, BET Tonight na Lead Story. Video zikabaki.

Kati ya hizo mbili, mimi naichagua BET ya Johnson, kasoro zake zikiwemo, kwa sababu ya zile Jumamosi. Kijana alipewa nafasi ya kuuliza, si kutazama tu.