Semina ya slabu zisizo na boriti: mkufunzi kakosea mzingo, aliyeuliza kaambiwa akae

Semina ya siku mbili ya wahandisi wa miundo, ile ya majuzi hapa Dar, simshauri mtu aende. Pointi za CPD (za kujiendeleza kitaaluma) utapata, cheti utapata, na kijitabu chenye kosa utarudi nacho ofisini.

Mada ilikuwa nguzo kutoboa slabu, yaani slabu kulemewa hadi ikakatika kuizunguka nguzo. Mfano wao: slabu ya milimita 250, nguzo ya katikati ya jengo, 400 kwa 400, d (kina kutoka uso wa chini wa slabu hadi nondo za juu) ni 209. Eurocode 2 ya 2004, kanuni ya Ulaya ya miundo ya zege, inataka mzingo wa ukaguzi (mstari unaoizunguka nguzo, ambapo slabu hukaguliwa) upite umbali wa 2d kutoka uso wa nguzo, kona zikiwa za mviringo: 4 × 400 jumlisha 4π × 209, unapata 4,226. Mkufunzi kachora mraba wenye kona kali. Kona hizo ni za BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza, ambayo ilipima kwa 1.5d. Yeye kachukua umbali wa huku na kona za kule, akatoka na 4,944. Mzingo umerefuka kwa asilimia 17, kwa hiyo mkazo wa shia (nguvu ya kukata, ikigawanywa kwa mzingo huo) unaonekana mdogo kwa karibu asilimia 15 kuliko ulivyo.

Halafu kwa zege ya daraja la C25/30 kaweka fck, yaani nguvu ya zege kwenye fomula, 30! Hiyo 30 ni ya sampuli ya mchemraba; fomula inataka ya sampuli ya silinda, 25. Kwa kuwa iko ndani ya kipeuo cha tatu, kosa ni asilimia 6 tu, lakini yote mawili yanavuta upande wa hatari. Na slabu ikitobolewa haibishi hodi. Boriti ikilemewa itapinda, itaonyesha nyufa, watu watatoka. Hii inakatika ghafla na mzigo unahamia nguzo za jirani.

Dada mmoja kasimama, kauliza kwa adabu: "Samahani mhandisi, kona si zinatakiwa ziwe za mviringo?" Akajibiwa: "Binti, kaa. Hayo ya vitabuni utayaacha ukifika saiti." Ukumbi ukacheka. Jiji hili limefukua watu kwenye kifusi cha Kariakoo Novemba 2024, na wahandisi wanacheka swali kama hilo.

Ila haki isemwe. Wakati wa chai wazee wanne walimwita yule dada, wakageuza sahani ya kikombe juu ya karatasi, wakachora kona kwa kufuata ukingo wake, wakakokotoa upya. Mmoja akaongeza habari ya matundu ya bomba: tundu likiwa ndani ya 6d kutoka nguzo, hapa milimita 1,254, vuta mistari miwili kutoka katikati ya nguzo iguse kingo za tundu, kisha kipande cha mzingo kilicho kati ya mistari hiyo usikihesabu. Fundi bomba akitindua baada ya zege kukauka, anakula mzingo, na mara nyingi nondo za juu anazikata pia. Nusu saa ile ilishinda slaidi za siku nzima. Kwa ajili yake nilitaka kusema nendeni, hata kwa ada ile.

Siku ya pili kijitabu kikagawiwa. Ukurasa wa mfano: 4,944, kona kali vilevile. Kuna kijana ataunakili kwenye Excel yake na kuutumia miaka.

Waandaaji, majina na barua pepe zetu mnazo kwenye daftari la mahudhurio, tumeni sahihisho. Nilikusudia nyota tatu kwa heshima ya wale wazee, lakini wao hawakuwa kwenye ratiba yenu. Naweka moja.