Dawa ya pancha nyuma, gololi za balansi mbele: uzoefu wangu wa miezi 18

Siku niliyoiamini dawa ya pancha, ule ute unaotiwa ndani ya tairi ili uzibe tundu wenyewe, hata sikujua kwamba nimepata pancha. Nilikuwa natoka Dar kwenda Iringa, nimeshaipita Doma, nimeingia ndani ya hifadhi ya Mikumi. Barabara pale inaikata hifadhi kwa karibu kilomita 50, na wanaoipita wanaijua: matuta, vibao vya kupunguza mwendo, swala pembeni, na siku nyingine tembo wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye lami. Si mahali pa kushuka kwenye pikipiki na kutandaza spana chini.

Nilipofika mji wa Mikumi nikaegesha ninywe chai. Kama kawaida yangu nikalizungusha tairi la nyuma taratibu nikilikagua. Nikakuta msumari wa bati, kichwa chake kimesagwa na lami hadi kinang'aa, na pembeni yake pete ndogo ya ute wa kijani ulioanza kukauka. Nikatoa geji. Asubuhi nilikuwa nimejaza upepo wa PSI 42 (PSI ni kipimo cha presha), pale nikakuta 38, na tairi lilikuwa la moto, kwa hiyo upepo uliokwisha toka ulikuwa mwingi kuliko hizo nne. Lakini ulikuwa umeacha kutoka. Nilikunywa chai nikapima tena: 38. Nikajaza upepo, nikaendelea na msumari wangu hadi Iringa, nikiwa mwangalifu na mwendo, nikipima Ruaha Mbuyuni na tena Ilula. Kwenye kona za Kitonga moyo ulinidunda, sikatai, lakini tairi halikushuka.

Niseme mapema pikipiki yangu ni ipi, maana nusu ya ninayoyaeleza yanategemea hilo. Ni Honda CB500X, rimu za aloi, matairi ya tubulesi (yasiyo na tyubu), saizi 120/70-17 mbele na 160/60-17 nyuma. Mwenye Boxer ya rimu za spoku na tyubu ndani ana hesabu nyingine, nitamfikia. Chapa za dawa na gololi sitazitaja. Nimetumia zaidi ya moja, na ninachotaka mtu ajue ni namna vitu hivi vinavyofanya kazi ndani ya tairi.

Nilianza na gololi za balansi, yaani vidude vya mviringo vinavyotiwa ndani ya tairi ili lizunguke bila kutetemeka, wala si kwa sababu ya pancha. Nilibadilisha matairi yote mawili, na kuanzia kilomita 80 kwa saa usukani ukawa unatetemeka mikononi, kidogo lakini muda wote, na baada ya saa mbili vidole vinakufa ganzi. Nikaenda kwa fundi wa magari mwenye mashine ya balansi. Akaipokea rimu, akaigeuzageuza, akanirudishia: mashine yake haikuwa na kifaa cha kushikia rimu ya pikipiki. Wa pili vivyo hivyo. Nilipomweleza binamu yangu aliye Dubai, alipokuja likizo akaniletea gololi za kioo, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi, zimepimwa katika vichupa vya gramu 28. Kipimo nilichopewa ni kichupa kimoja tairi la mbele, viwili la nyuma.

Kuziingiza kunahitaji subira. Unatoa upepo wote, unafungua kipini cha ndani ya valvu, unaunganisha kichupa na valvu kwa mpira mwembamba, kisha unakitikisa gololi zishuke chache chache. Ukizikimbiza zinakwama. Tairi la mbele pekee lilinichukua karibu dakika 40. Halafu unarudishia kipini kingine chenye chujio dogo linalokuja pamoja na gololi, kwa sababu kile cha kawaida kinaruhusu gololi ing'ang'anie mdomoni siku unapopima upepo, na upepo wote unatoka. Na kila unapopima, valvu iwe juu, gololi zilale chini.

Watu wengi huniuliza jinsi vidude vinavyozungukazunguka hovyo vinavyoweza kuliweka tairi sawa. Mimi nimelielewa hivi. Gurudumu lenye upande mmoja mzito, likikimbia, halitulii kwenye ekseli yake. Linarukaruka pamoja na shokomzoba. Likishapita mwendo fulani linaanza kuzunguka kwa kufuata kitovu cha uzito wake, ambacho kimesogea kuelekea ule upande mzito. Hapo upande mwepesi ndio unakuwa mbali zaidi na kitovu hicho, na kitu chochote kilicho huru ndani ya tairi hukimbilia palipo mbali zaidi. Gololi zinajipanga upande mwepesi, uzito unalingana, mtikisiko unatulia. Ndiyo maana ukiinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono huoni lolote, na ndiyo maana mashine ya balansi iliyolishika gurudumu kwa nguvu haiwezi kuzipima. Zinahitaji shokomzoba ichezecheze na zinahitaji mwendo.

Matokeo? Kwenye lami, kuanzia kama kilomita 80 kwa saa, ule mtetemo ulikwisha. Safari yangu ya kwanza kwenda Morogoro nilifika vidole vikiwa na uhai, na mwenyewe nilishangaa. Chini ya hapo, katika foleni za Ubungo na Kimara, sikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo kama pikipiki yako inazunguka mjini tu kwa kilomita 30 au 40, usitumie hela yako huko. Na kama rimu imepinda kwa sababu ya shimo, gololi hazitakusaidia, kwa kuwa zinatibu uzito, hazinyooshi chuma. Rafiki yangu alizilaumu mwezi mzima kabla hajagundua kwamba rimu yake ina kibonyeo unachoweza kukigusa kwa kidole.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni maji. Kompresa nyingi za barabarani hazimwagwi maji yanayojikusanya kwenye tangi lake, na kwa unyevu wa Dar maji hayo ni mengi. Baada ya miezi mitano hivi usukani ulianza tena kutetemeka. Nikampelekea fundi pancha jirani, kijana mmoja hodari, alifungue tairi. Alipoinua ukingo wake tu akaniita: "Kaka, hili tairi lako umelijaza mchanga?" Nikamwambia, "Usimwage, mdogo wangu, hizo ni gololi za balansi." Zilikuwa zimelowa na kushikana vibonge vibonge ukutani mwa tairi. Tukazikusanya kwenye sufuria, nikazianika juani siku nzima, tukalifuta tairi hadi likakauka, na ile sabuni ya kulainishia ukingo tukaitumia kidogo sana. Tangu siku hiyo najaza tairi la mbele kwa pampu yangu ya mguu, na tatizo halijarudi.

Sasa dawa ya pancha. Naiweka tairi la nyuma peke yake, na si kwa ubahili. Pancha zangu karibu zote huwa nyuma. Msumari uliolala barabarani tairi la mbele linaukanyaga na kuusimamisha, la nyuma linakuja kuumeza. Wapanda pikipiki wa siku nyingi watakuambia hivyo hivyo. Dawa yenyewe ni ute mzito wenye nyuzinyuzi na vipande vidogo vya mpira. Tairi likizunguka, ute unatandazwa sehemu yote ya kukanyagia kwa ndani. Pakitoboka, upepo unaotoka unaubeba ute hadi kwenye tundu, nyuzi zinashikana, tundu linaziba. Mimi niliweka mililita 300 hivi, kwa valvu ile ile, kisha nikaendesha kilomita kadhaa papo hapo ili isambae. Hatua hiyo usiiache.

Usumbufu wake nao ni wa kweli. Pikipiki ikilala usiku kucha, ute unateremka chini na kutuama. Asubuhi unapoondoka unahisi nyuma inadundadunda kidogo, kama tairi lina nundu, halafu baada ya kilomita tatu au nne linatulia. Kwa mwendo wa safari sijaona shida, ingawa dawa nyepesi ya maji maji niliyoijaribu mwanzoni ilinitikisa nikipita kilomita 100 kwa saa, nikaiosha yote. Pili, geji. Usipozungusha gurudumu valvu ikae juu kisha ukasubiri dakika kadhaa ute ushuke, unaingia ndani ya geji. Nimeua moja hivyo. Tatu, mafundi pancha hawaipendi, na wana haki. Kiraka hakishiki penye ute. Lazima waoshe ndani kwa maji, wakaushe, wakwaruze, ndipo wabandike. Siku hizi namwambia fundi kabla hajagusa spana kwamba mna dawa ndani, na namlipa zaidi. Kumwachia agundue mwenyewe mikono ikiwa imejaa ute si uungwana.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba dawa inaficha. Ningeweza kupita Mikumi na kuendelea wiki mbili na ule msumari, huku unalikata tairi kwa ndani kidogo kidogo na maji ya mvua yanapenya hadi kwenye nyuzi za chuma. Kwa hiyo mwenye dawa anapaswa kukagua matairi yake mara nyingi kuliko asiye nayo. Mimi nakagua kila ninaposimama kujaza mafuta. Ule msumari niliutoa Iringa siku ya pili, fundi akaosha, akabandika kiraka cha ndani, nikaongeza dawa. Na ubavu wa tairi usiutegemee kabisa: ukichanika ubavuni, dawa inamwagika barabarani na tairi linashuka, hakuna ujanja. Bado natembea na tambi za mpira za kuzibia tubulesi, koleo na pampu.

Kosa moja nilitaka kulifanya, nikaponea kwa rafiki yangu aliyetangulia kulifanya. Aliona kama dawa ni nzuri na gololi ni nzuri, aviweke vyote tairi moja. Gololi zilinasa kwenye ute kama mchele kwenye uji mzito, zikaganda upande mmoja, na tairi lake likatikisika kuliko lilivyokuwa kabla ya kuweka chochote. Kulisafisha kulimchukua asubuhi nzima. Chagua kimoja kwa kila tairi. Mimi mbele naweka gololi, kwa kuwa mtetemo wa mbele ndio unaofika mikononi na pancha za mbele ni chache. Nyuma naweka dawa.

Ndugu zangu wa bodaboda, wenye tyubu: gololi ziacheni. Dawa inaweza kuwafaa, zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya tyubu, lakini msiitegemee kama mwenye tubulesi. Tairi la tubulesi ni nene na linaubana msumari. Tyubu ni nyembamba, na msumari ukishaingia, tyubu inachezacheza ndani na tundu linageuka mchaniko, ambao dawa haiuwezi. Kwa mwiba na misumari myembamba inasaidia sana, hasa kwa wanaopita njia za vijijini zenye miiba ya migunga. Kaka yangu kule Iringa ameiweka kwenye pikipiki yake ya tyubu; miiba imemsumbua kidogo sana tangu hapo, ila kipande cha chupa kilimlaza njiani vile vile.

Kwa gharama: pancha moja ya tubulesi nimekuwa nikilipa shilingi 5,000, na bei ya chupa ya dawa ingenitosha pancha nyingi. Ukihesabu pancha za mtaani ambapo fundi yuko hatua 50 kutoka ulipo, dawa ni ghali. Mimi nahesabu ile kilomita 50 ya Mikumi, ninayoipita kwenda na kurudi mara tano au sita kwa mwaka, mara nyingine jua likielekea kuzama. Kwa safari hizo ningeilipia hata mara mbili ya bei yake. Gololi ningezinunua tena, ila kama ningepata Dar fundi wa kubalansi rimu ya pikipiki kwa vipande vya risasi (ile madini nzito) vinavyobandikwa kwenye rimu ningeanza kwake, kwa sababu risasi haiogopi maji.

Tairi la nyuma sasa limefika kwenye alama za kuisha. Nikibadilisha mwezi ujao nitaosha rimu kwa maji mengi niangalie kama dawa imekula aloi mahali popote, kisha nitaweka mpya, mililita 300 zile zile.