Spearhead from Space kwenye Blu-ray: Daktari mpya aliyeanza kazi akiwa kitandani

Habari zenu wadau wa tamthilia, karibuni. Leo nina diski moja tu hapa mezani: Blu-ray ya Spearhead from Space, hadithi ya Doctor Who yenye sehemu nne ambayo BBC ilianza kuirusha tarehe 3 Januari 1970. Hii ndiyo iliyomleta Jon Pertwee kama Daktari wa tatu. Nawaambia mapema kabisa, katika tamthilia za zamani nilizotazama sijaona iliyomwingiza stelingi mpya kwa akili kuliko hii. Nitagusia mambo yanayotokea hadi mwisho, kwa hiyo kama hutaki kujua, isimamishe video hapa, nenda katazame, halafu urudi.

Kwa mliokuwa hamjaifuata: Doctor Who ilianza Novemba 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari, si binadamu, na anasafiri popote na zama zozote kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza. Mwili wake ukifika mwisho, hageuki maiti, anageuka mtu mwingine kwa sura, sauti na tabia, huku akibaki yeye yule. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria yetu kwamba stelingi hafi. Hawa walipata njia ya kuitimiza sheria hiyo huku wakibadilisha mwigizaji.

Mara ya kwanza ilikuwa 1966, William Hartnell alipompisha Patrick Troughton. Pale watazamaji waliona sura ikibadilika kwenye kioo, na vijana wawili waliokuwa wakisafiri na Daktari, Ben na Polly, walikuwapo chumbani, wakashangaa na kutilia shaka kwa niaba ya mtazamaji. Mwaka 1970 hakuna msaada huo. Hadithi ya mwisho ya Troughton iliisha Juni 1969 kwa hukumu: watu wa sayari yake walimwadhibu kwa kumbadilisha sura na kumfungia duniani, wakawarudisha wenzake Jamie na Zoe makwao, naye Troughton akapotelea gizani akizungukazunguka. Sura mpya haikuonyeshwa. Watu walikaa nusu mwaka bila jibu. Januari ilipofika, mtu pekee waliyemjua aliyebaki alikuwa Brigedia Lethbridge-Stewart wa UNIT, kikosi cha kijeshi kinachopambana na wavamizi wa anga, aliyeigizwa na Nicholas Courtney, na hata huyo alikuwa ametokea katika hadithi mbili tu za 1968.

Ongezeni na haya: kipindi kilikuwa kimeingia kwenye rangi kwa mara ya kwanza, idadi ya sehemu kwa msimu ilikuwa imekatwa hadi 25, na Pertwee mwenyewe Waingereza walimjua kama mchekeshaji wa redio, fundi wa kubadilisha sauti. Kwa vyovyote kuna waliokaa mbele ya runinga wakisubiri vichekesho.

Sasa tazameni alichofanya mwandishi, Robert Holmes. Stelingi mpya anatoka kwenye kile kibanda cha buluu msituni, anaanguka chini, basi. Amezimia. Sehemu ya kwanza karibu yote yuko kitandani hospitalini, maneno yake unaweza kuyahesabu. Umemsubiri miezi yote hiyo, unapewa mgonjwa!

Lakini angalia kinachoendelea pembeni ya kitanda. Dokta wa zamu, Henderson, anapata picha ya eksirei ya kifua na inaonyesha mioyo miwili. Anadhani wenzake wa eksirei wanamtania. Anapiga simu kuwagombeza. Majibu ya damu nayo yanakuja, damu si ya binadamu. Mhudumu mmoja anayebeba wagonjwa anasikia mazungumzo hayo, anajisogeza kwenye simu, anaiuza habari kwa waandishi, na muda si mrefu hospitali imejaa kamera. Hiyo mioyo miwili ndiyo mara ya kwanza kutajwa katika Doctor Who, na leo hakuna shabiki asiyeijua. Holmes hakuisema kwa hotuba. Aliipitisha kwenye hasira ya dokta aliyechoka, ukaamini kwa sababu dokta mwenyewe haamini.

Halafu anafika Brigedia. Amesikia habari za kile kibanda cha polisi, anajua rafiki yake amerudi, anatembea haraka na uso wa mtu anayekwenda kumwona ndugu. Anainama juu ya kitanda. Simjui huyu mtu! Na hapohapo mgonjwa anafumbua macho, anamtaja Brigedia kwa jina, kwa furaha kabisa, kama marafiki walioachana jana. Courtney hafanyi makubwa, anarudi nyuma kidogo tu, anatazama ile sura na hajui aiweke wapi. Mgonjwa anaona mashaka yale, anaomba kioo, anajiangalia, na yeye mwenyewe anashtuka: huyu siye mimi. Kisha anageuka na kulala zake.

Wadau, pale ndipo kazi yote ilipofanyika. Swali la kila aliyekuwa sebuleni Uingereza jioni ile, huyu mbona siye, limewekwa mdomoni mwa Brigedia, na limewekwa pia mdomoni mwa Daktari mwenyewe. Tamthilia haikuombi umkubali mwigizaji mpya. Inakubaliana na wewe kwamba ni mgeni, halafu inakuacha umchunguze pamoja na wengine. Sehemu ya kwanza inaisha akiwa amewaponyoka watu waliojaribu kumteka hospitalini, kwa kiti cha magurudumu, anakimbilia msituni kukitafuta kibanda chake, na askari wa UNIT wenye wasiwasi wanampiga risasi. Stelingi mpya, siku ya kwanza kazini, chini!

Sehemu ya pili ndipo Pertwee anafunguliwa. Risasi ilimkwaruza tu kichwani. Anaamka, anaingia bafuni kwa madaktari, anaoga huku anaimba, na kwenye mkono wake mnaona tatuu. Ile si ya mhusika, ni ya Pertwee mwenyewe, aliichora alipokuwa jeshi la majini wakati wa vita kuu ya pili. Kwenye kanda za zamani ilikuwa doa jeusi tu, humu mnaiona wazi. Kisha anapekua makabati ya madaktari, anajivika joho na kofia, anatoka kwa mwendo wa mwenye nyumba, na nje anaondoka na gari jekundu la kizamani la mmoja wa madaktari. Dakika chache hizo zimekupa mavazi, magari na majivuno yaliyomtambulisha hadi alipoondoka 1974.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba hawakumfanya mwema moja kwa moja. Brigedia ameshamwajiri mwanasayansi kutoka Cambridge, Liz Shaw, aliyeigizwa na Caroline John, mwanamke mwenye akili na asiyekubali habari za viumbe wa anga kwa kuambiwa tu. Daktari anamzoea haraka, anacheka naye, halafu katika sehemu ya tatu anamtumia. Anamshawishi amchukulie Brigedia ufunguo wa TARDIS kwa kisingizio cha vifaa vya maabara, na akishaupata anaingia ndani kujaribu kutoroka dunia. Wavamizi wako njiani na yeye anakimbia! Chombo kinakohoa, moshi unatoka, naye anatoka nyuma ya moshi kwa aibu kuomba radhi. Caroline John anamtazama tu. Mhusika anayeweza kukuangusha siku ya kwanza utataka kujua kesho atafanya nini.

Upande wa wavamizi: vimondo vinaanguka Essex kwa mpangilio usio wa kawaida, na ndani yake kuna vipande vya akili moja ya viumbe waitwao Nestene. Hao wana uhai ndani ya plastiki, kwa hiyo wameteka kiwanda cha plastiki na wanatengeneza midoli inayotembea, Auton. Hugh Burden anacheza Channing, kiongozi wao, na macho yake yananitisha kuliko midoli yote, kwa sababu anamtazama mtu bila kumwona. Kuna jangili mmoja wa kijijini, Sam Seeley, aliyeokota kimoja cha vimondo na kukificha kwenye sanduku la bati nyumbani akitafuta bei nzuri. Hajui kwamba lile bati ndilo linalowazuia wenyewe wasikipate. Na mwisho wa sehemu ya tatu, Jenerali Scobie anasikia hodi nyumbani kwake, anafungua mlango, na aliyesimama nje ni yeye mwenyewe. Hakuna damu wala kelele. Nimeirudia mara nyingi na bado napata ubaridi.

Tukio la sehemu ya nne ndilo watu wazima wa Uingereza bado wanalikumbuka. Alfajiri, barabara ya maduka, wamelirekodi Ealing, London. Midoli ya kuvalishia nguo madirishani inaanza kusogea. Mkono unanyooka, vidole vinashuka kwa bawaba kwenye kiganja, na ndani yake kuna mtutu. Watu waliokuwa kituo cha basi wanaanguka. Bajeti haikuruhusu kuvunja vioo vya maduka, kwa hiyo unasikia kioo kikipasuka bila kukiona, kisha kamera inakuonyesha midoli ikiwa tayari nje. Mwongozaji Derek Martinus ameikata vizuri kiasi kwamba watu huapa waliona kioo kikivunjika. Mwaka 2005, Doctor Who ilipofufuliwa na kumtambulisha Christopher Eccleston, walirudi kwa Auton haohao, na safari hii vioo vikavunjwa kwelikweli.

Sasa diski yenyewe. Kwa kawaida Doctor Who ya zamani ilirekodiwa hivi: ndani ya studio kwa kamera za video, nje kwa filamu ya milimita 16. Ndiyo maana ukitazama, mtu akitoka mlangoni picha inabadilika ghafla. Kwa hadithi hii mgomo wa wafanyakazi ulifunga studio za BBC, ikabidi wote wahamie nje na kurekodi kila kitu kwa filamu. Hospitali na ofisi nyingi mnazoziona ni majengo ya kweli ya chuo cha mafunzo cha BBC kule Wood Norton, karibu na Evesham. Katika hadithi zote za enzi ile ya 1963 hadi 1989, hii ndiyo pekee iliyorekodiwa yote kwa filamu. Kanda ya video ya wakati ule haina zaidi ya ilichobeba, lakini filamu ukiipitisha kwenye mashine ya kisasa inakutolea mengi, na ndiyo sababu ilipata Blu-ray 2013.

Na inaonekana. Chembechembe za filamu zimeachwa, hawakuzisugua mpaka nyuso za watu ziwe za nta, jambo muhimu sana katika hadithi ambayo wenye nyuso za nta ni maadui. Ngozi ya Pertwee ina mistari, ya Auton imeteleza, unatofautisha kwa jicho. Picha ni ya umbo la runinga za zamani, kwa hiyo kuna weusi pande zote mbili. Msiivute ijaze kioo, mtawanenepesha watu. Sauti ni ya kawaida, na vyumbani kuna mwangwi kidogo, ndivyo ilivyo ukirekodi katika majengo ya kweli. Kuna makala za ziada, na zile mbili za maisha ya Pertwee na ya Caroline John zinastahili muda wenu.

Kasoro ipo, na iko mahali pabaya, mwishoni. Nestene anapotokea mzimamzima ni mikono ya mpira inayomkaba Daktari, naye Pertwee anatoa macho na kukunja uso kwa namna ya jukwaani. Baada ya umakini wote ule inaniuma kila nikifika hapo. Kwa bahati tukio la baada yake linaokoa: Brigedia anataka kumwajiri, Daktari anataja masharti. Pesa hataki, hana kazi nazo. Anataka maabara, vifaa, Liz abaki, na lile gari jekundu. Anaambiwa gari lirudi kwa mwenyewe. Uso unamshuka kama mtoto, mpaka Brigedia aahidi kumtafutia linalofanana nalo. Jina? Anajipachika Dokta John Smith.

Kuhusu kununua: diski na deki hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia; Blu-ray za Uingereza ni za kanda B na Afrika nayo iko kanda B, kwa hiyo deki ya Blu-ray iliyouzwa kwa ajili ya huku kwetu haitakuwa na shida ya kanda. DVD ni tofauti. Za Uingereza ni kanda ya 2, Kenya na Tanzania tuko kanda ya 5, na deki iliyofungwa itaikataa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, ya Kiswahili hakuna. Kama nyumbani kuna wadogo, kaeni nao kwenye sehemu ya nne, ile ya madukani.

Mkimaliza na mkaipenda, inayofuata ni Doctor Who and the Silurians, sehemu saba, Daktari yuleyule na Liz, na mwishoni Brigedia anafanya jambo ambalo Daktari anashindwa kulimeza. Hiyo nitaifanyia video yake. Niandikieni hapo chini ni Daktari gani mlianza naye.