Monsters (2010) iliyotafsiriwa: mtafsiri ameiua pale sheli

Ukikutana na Monsters iliyotafsiriwa kwenye vibanda vya muvi, yaani ile ambayo mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti ya muvi, iache hapohapo. Naandika bado nina hasira, na hasira yenyewe imetokana na dakika chache za mwisho, pale sheli. Yaliyotangulia ningeyavumilia.

Hadithi ni hivi. Chombo cha NASA kilichokuwa kinarudi na sampuli za uhai kutoka angani kimeangukia Mexico. Miaka sita baadaye nusu ya nchi imefungwa, ina viumbe wakubwa wenye mikono kama ya pweza, na Marekani imejenga ukuta mpakani. Kaulder, mpiga picha wa habari, ameagizwa amrudishe Marekani Sam, binti wa bosi wake. Pasipoti zinaibiwa, wanakosa boti, inabidi wakatize katikati ya eneo lililofungwa. Ambaye hataki kujua mwisho aishie hapa, maana mimi shida yangu iko mwishoni.

Wamefika Texas, watu wamehamishwa, sheli haina mhudumu. Kaulder anampigia simu mwanawe mdogo, ambaye hajui kwamba anayeongea naye ndiye baba yake. Sam anampigia mchumba wake. Usiku Sam yuko ndani ya duka, mkono wa kiumbe unapenya taratibu, unapapasa huku na huku, unafika kwenye runinga inayowaka na kugusa kioo. Sam amejibana chini. Anaizima runinga, na ule mkono unajivuta kurudi nje. Nje kiumbe wa pili anakuja. Wanasogeleana, wanashikana, mwanga unatembea kwenye miili yao, na wale binadamu wawili wamesimama wanatazama juu, hawasemi neno. Saa nzima na zaidi ulikuwa unawaogopa hawa viumbe, kumbe wanapendana, tena kwenye ardhi wanayopigwa mabomu kila siku!

Sasa mtafsiri alifanya nini hapo? Aliongea. Mkono ulipogusa runinga akasema kwa sauti nzito, "Leo nakumeza, huna pa kukimbilia!" Kiumbe hana mdomo wa kuongea, hajaongea muvi nzima, yeye kampa maneno. Walipokutana wawili akapandisha sauti: "Sasa ni vita, mwone anavyomkaba! Piga! Piga huyo!" Juu ya hapo akataja namba yake ya simu, mara mbili, kwa wanaotaka kuweka oda. Muziki wa Jon Hopkins, ambao ndio unaobeba ile sehemu, hausikiki kabisa.

Mdogo wangu nilikuwa naangalia naye. Mpaka leo anabisha kwamba wale wawili walikuwa wanapigana na mmoja alishindwa. Nilipomweleza akaniuliza, "Dada, mbona mtafsiri kasema wanapigana?" Nilikosa la kumjibu.

Nikarudi kibandani. Kijana anayeuza hakuacha hata kuangalia simu yake. "Dada, sasa watu wakae kimya wanaangalia taa tu? Si watalala? Hiyo muvi haina steringi, haina ngumi, mtafsiri kaisaidia." Kaisaidia! Nikamwomba basi aniwekee ile isiyotafsiriwa kwenye flashi, akasema hana, na kama sipendi nikaangalie za wasomi huko. Wateja wawili wakacheka. Pesa yangu hakurudisha, na sikuipigania, kilichoniuma hakikuwa pesa.

Kinachoniuma ni hiki. Gareth Edwards, Mwingereza aliyeitengeneza, aliandika, akaongoza, akashika kamera mwenyewe, halafu akakaa na kompyuta nyumbani kwake akawatengeneza wale viumbe. Bajeti inatajwa kuwa chini ya dola 500,000, hela ambayo Hollywood haitoshi hata kwa dakika chache za muvi kubwa. Walizunguka Mexico, Guatemala, Belize na Costa Rica na timu ndogo, wakawachukua wenyeji waliowakuta njiani wakaigiza. Scoot McNairy na Whitney Able walikuwa wapenzi kweli, na ukiwaangalia wanavyotazamana unaona hapakuwa na la kufundishwa. Baada ya hapo ndipo akapewa Godzilla ya 2014. Mtu amejinyima hivyo, ametunza mwanga wote kwa ajili ya ile dakika moja, halafu mwingine anakuja kuuza namba ya simu juu yake.

Na mwanzo nao mtafsiri ameuharibu. Yale mapigano ya wanajeshi na kiumbe unayoanza nayo, yenye rangi ya kijani ya kamera ya usiku, yanatokea baada ya pale sheli. Ukitulia mwishoni, wanajeshi wanapokuja kuwachukua Kaulder na Sam, utakumbuka kwamba ni walewale wa mwanzo, na moyo utakupasuka. Yeye pale mwanzoni alikuwa anasalimia marafiki zake.

Lakini nimeirudia jana kwa hasira, nitafute makosa mengine, na lazima niseme ukweli: kuna sehemu kaitendea haki. Yule muuza tiketi za boti anayetaka dola 5,000 kwa mtu mmoja, mtafsiri kamwongelesha kama dalali wa stendi ya mkoani, kwa utulivu ule wa mtu anayejua huna njia nyingine, na nimecheka kwa raha. Pale Sam anapotoa pete yake ya uchumba ilipie safari, kasema sentensi moja fupi akanyamaza. Kumbe anajua kunyamaza! Mimi nimekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, siwachukii watafsiri, bila wao bibi yangu asingeangalia muvi hata moja. Hapo ndipo hasira yangu inaponizidi, kwa sababu angeweza.

Kwa hiyo tafsiri nilitaka kuipa nyota moja, sasa ni mbili, na nikikumbuka "piga huyo" narudi kwenye moja. Muvi yenyewe ni tano. Mwenye nayo yenye maandishi ya Kiswahili chini na sauti yake ya asili aniambie, nataka mdogo wangu aione upya.